Kiboko Aliyeokolewa

Duka la sabuni la jumla lilikuwa limefurika, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na foleni ilianzia kaunta ikajipinda mara mbili hadi mlangoni. Watu walikuwa wamebeba ndoo, madumu na hasira. Katikati ya foleni alisimama kijana mmoja, dobi kwa kazi, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na makali, suruali ya bluu, viatu vinang'aa. Ungedhani anakwenda kuposa, kumbe anafuata lita ishirini za sabuni ya maji. Mbele yake alikuwapo msichana wa gauni la rangi ya haradali, nywele zimefungwa kwa kitambaa chekundu kilicholegea, na kikapu mkononi.

Baadaye Dobi alidai eti alimwona tangu mlangoni na moyo ukamlipuka. Huo ni uongo wa wapenzi, msimwamini. Alichokiona kwanza ni kikapu. Ndani yake kulikuwa na furushi la sufu safi, manyoya ya kondoo yaliyochambuliwa yakawa laini, na juu ya sufu hiyo, bila haya, umelala mche mzima wa sabuni kali ya kufulia.

Alivumilia hatua tatu za foleni. Ya nne ikamshinda.

"Samahani, dada. Hiyo sufu utaifua kwa hiyo sabuni?"

Msichana akageuka. "Ndiyo. Kwani vipi?"

"Kwa maji gani?"

"Ya moto."

"Ya vuguvugu, unamaanisha."

"Ya moto, kaka. Yanayotoa mvuke. Halafu nitaisugua mpaka mikono iume."

Dobi akashika kifua. "Dada yangu, tafadhali. Itajikunja, itashikana, itakuwa ngumu kama zulia la mlangoni. Mimi ni dobi, nakwambia kwa wema. Maji baridi, sabuni ya maji, unaibonyeza taratibu tu, basi."

Msichana alimtazama kuanzia kola mpaka viatu, akacheka hadi watu wa mbele wakageuka. Akatoa funguo zake mfukoni. Kwenye pete ya funguo alining'inia panya mdogo wa kijivu, mwili wa sufu, masikio ya sufu, mkia wa sufu, hana mshono hata mmoja.

"Haya, Daktari. Mchane huyu."

Dobi alivuta sikio. Alivuta mkia. Alimgeuza panya tumbo juu akatafuta uzi wa kuanzia, asiuone. Maisha yake yote alikuwa amepigana na jambo hilo hilo, sufu kushikana, na sasa alilishika kiganjani likimtazama kwa macho mawili meusi.

"Umefanyaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yote uliyonikataza," alisema msichana. "Foleni imesogea, Daktari, usituzibie njia."

Akasogea, lakini panya hakumrudisha mpaka walipofika kaunta, na alipomrudisha akaomba na namba ya simu.

Hivyo ndivyo kijana akawa Daktari na msichana akawa Mharibifu, na simu zikaanza.

"Mharibifu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Maji yako jikoni yanachemka."

"Unamuua nani leo?"

"Sungura. Masikio yamekwisha, sasa niko tumboni."

"Maskini wa Mungu. Na ameacha watoto?"

"Ameacha dobi mmoja anayeuliza maswali mengi. Umekunywa chai?"

"Bado. Nakusubiri wewe uniambie ninywe."

"Kanywe, laazizi, usije ukaangukia kwenye mashine."

Mharibifu aliishi na shangazi yake, mshonaji wa mapazia, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na baraza yenye meza ndefu, na hapo ndipo alipofanyia kazi zake kila Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo Dobi hakuweza kunyanyua kichwa dukani. Kwa hiyo miezi kumi na minne yote aliyompenda msichana huyu, wanyama wake aliwaona wakiwa tayari, wamekauka, wamepangwa rafuni. Jinsi walivyofika pale hakuwahi kuona. Likumbukeni hilo.

Dukani alifanya kazi na mama yake. Mama alikaa kaunta, akapokea nguo na kuandika vibandiko. Dobi alikuwa nyuma, kwenye mabeseni na pasi. Tangu ashike kazi hakuwahi kuharibu sweta hata moja, na watu walivuka mitaa minne kumletea shali za bibi zao. Na jinsi alivyofua ndivyo alivyopenda: maji baridi, bila kukamua. Mharibifu akikasirika, yeye hushusha sauti. Akiulizwa jambo gumu hucheka na kulitandaza mahali lijikaushe lenyewe. Msichana akisema "nakupenda", yeye hujibu "na mimi pia, mpenzi", na ukihesabu siku zote hizo, neno lenyewe hakuwahi kulitamka kwa mdomo wake. Alikuwa na hofu ya kulivuta likalegea.

Kisha ikaja barua.

Mharibifu alikimbia nayo hadi dukani, kiatu kimoja hakijafungwa, akampita Mama bila hata salamu kamili. "Shikamoo Mama, nakuja! Daktari, soma!"

Dobi alisoma. Karakana moja katika mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi, ilikuwa inatengeneza wanyama wa sufu kwa madirisha ya maduka na majukwaa ya michezo ya kuigiza. Ilichukua mwanafunzi mmoja tu, kwa mwaka mmoja. Aliyetaka nafasi alete mnyama mmoja wa kazi ya mikono yake, asiyepungua ukubwa wa mkate, kwa wakala wao hapa mjini, Jumatatu ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi.

"Mwaka mzima," alisema Dobi.

"Mwaka mzima. Unasemaje?"

Alikuwa na la kusema. Lilikuwa fupi: sitaki uende. Lilifika kooni, likakaa hapo, na kilichotoka ni kingine kabisa.

"Ukipenda wewe, mpenzi, mimi sina neno."

"Huna neno?"

"Sina neno kabisa."

Mharibifu aliikunja barua mara mbili, mara tatu, ikawa ndogo. Angeambiwa "nenda" angemrukia shingoni. Angeambiwa "usiende" wangegombana vizuri, wakalia, wakapatana. "Sina neno" halikuwa na pa kushika. "Haya," alisema, akainama kufunga kiatu. "Basi nitatengeneza kiboko."

Wiki mbili alijiandaa. Sufu aliitia rangi mwenyewe, kijivu cha mgongo na waridi hafifu ya mdomo na tumbo, akaitumia yote, hakubakiza hata ya kujaza ganda la njugu. Alikata plastiki ngumu kwa umbo la kiboko, kubwa mara moja na nusu ya kiboko aliyemtaka, kwa kuwa sufu hupungua ikishikana. Akapanga vishungi vyembamba vya sufu juu yake, safu moja kwa urefu, nyingine kwa upana, upande huu na upande ule. Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla ya kumpeleka, jua halijapanda, alimfunika kwa wavu, akamnyunyizia maji ya moto yenye sabuni, akaanza kumsugua kwa viganja, kidogo kidogo kwanza, kisha kwa nguvu. Alipoona nyuzi zimeanza kushikana, alipasua tumboni mpasuko mfupi, akachomoa plastiki. Kiboko akabaki mfuko mkubwa uliolegea, miguu inaning'inia, mashavu yamechoka.

Akampigia Dobi, simu ameibana kwa bega.

"Daktari, nimemaliza kusugua!"

"Hongera, roho yangu! Yukoje?"

"Ana sura ya mjomba wangu akitoka usingizini. Njoo umwone jioni."

"Nitakuja."

Alimzamisha kiboko kwenye beseni la maji ya moto ili apate joto kwa hatua inayofuata, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Simu ikalia. Shangazi alikuwa sokoni na marobota mawili ya vitambaa, mchukuzi amemkimbia, na sauti yake ilisikika bila hata ya simu. "Njoo unipokee, mwanangu, mgongo wangu si wa chuma!" Mharibifu akajifuta mikono, akatoka, mlango akaurudishia tu.

Sasa Dobi, siku hiyo ya siku, alipata nafasi ya nusu saa. Shangazi alimpa blanketi lake wiki iliyopita, likawa tayari, na aliahidiwa pia chupa ya kilainisho cha nguo kwa ajili ya shali zake. Dobi akabeba vyote viwili, akapanda ngazi, akabisha, akaita "hodi" mara tatu, akaingia hadi baraza.

Akamwona kiboko.

Jiwekeni mahali pake. Sufu safi, kazi ya wiki mbili, imelala ndani ya maji yanayotoa mvuke, sabuni imeizidi, hakuna mtu. Aliambiwa kwa masikio yake kwamba kusugua kumekwisha, na kwa dobi yeyote, kusugua kukiisha kinachofuata ni kusuza, upesi. Amemsahau, alijisemea. Maskini mpenzi wangu, ametoka mbio akamsahau. Akavua saa, akapandisha mikono ya shati, akamnyanyua kiboko kwa viganja viwili kutoka kwenye moto ule.

Alimsuza kwa maji baridi mara tatu. Kwa kuwa sufu ilikuwa imekakamaa kidogo, akamtilia kilainisho, vifuniko viwili, vile vya shali za maharusi. Alimbonyeza ndani ya taulo bila kumkamua, akamlaza bapa kivulini. Halafu, na hapa ndipo mapenzi yalipozidi, alichukua brashi laini akamchana ubavu mmoja mpaka manyoya yakasimama. Kiboko akawa kama mto wa kitanda. Dobi alimtazama akaridhika sana. Akachukua karatasi ya kibandiko cha dukani, akaandika nyuma yake, akaibana chini ya chupa:

*Nimemwokoa. Nakupenda. Daktari.*

Akaondoka akipiga mluzi.

Simu ililia dukani baada ya robo saa.

"Ulikuja hapa?"

"Nilikuja, mpenzi. Umeona karatasi yangu?"

"Umemfanya nini?"

"Nimemsuza. Ulimsahau kwenye maji, nikasema—"

"Sikumsahau! Nilimweka apate moto!"

"Lakini ulisema umemaliza kusugua."

"Kusugua, ndiyo! Bado kumpiga! Sufu ikishasuguliwa inapigwa, inatupwa mezani mara mia, mara mia tatu, mpaka iwe ngumu, mpaka miguu isimame! Umemtia nini? Anateleza. Kila nikimshika nyuzi zinatoka mikononi."

Dobi aligeukia rafu ya chupa. "Kilainisho," alisema.

 Msichana alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ulijua ni ya Jumatatu. Ulijua sina sufu nyingine. Hukutaka niende, hukuweza kusema, ukaituma mikono yako ikusemee."

"Mharibifu, haki ya Mungu—"

"Sema basi nimekosea. Sema kitu!"

Na mtu huyu, aliyekuwa na kifua kimejaa maneno, akasema yale yale. "Kama wewe unaona hivyo, mimi sina neno."

Simu ikakatika. Wateja watatu walikuwa wamesimama kaunta wakijifanya wanasoma bei.

Jumapili asubuhi Mama alimkuta mwanawe nyuma ya duka akipiga pasi shati moja kwa mara ya nne.

"Hilo shati lina kosa gani?" aliuliza.

"Halina."

"Basi liache, litaungua. Mwenzako amesema umemharibia makusudi?"

"Umesikia?"

"Mtaa mzima ulisikia. Nakuuliza wewe. Ulitaka aende?"

Dobi aliisimamisha pasi. "Sikutaka."

"Ulimwambia?"

"Hapana, Mama."

"Miezi yote hii, msichana anakaa na wewe anakisia. Jana amekisia vibaya. Kosa ni la nani?" Mama alivuta kiti akakaa, maana miguu ilikuwa inamsumbua. "Mimi nimekufundisha kufua, baba. Kusema sikukufundisha, nilidhani kunakuja kwenyewe. Nenda kaseme. Akikufukuza, urudi ule, chakula kipo."

Saa tatu Dobi alikuwa mlangoni kwa Shangazi, fulana ya kazi, mikono mitupu isipokuwa mfuko mmoja. Mharibifu alifungua. Gauni lilikuwa lile lile la haradali, limekunjamana, macho yamevimba.

"Shangazi amelala?" aliuliza Dobi.

"Anashona chini. Unataka nini?"

"Sitaki uende." Alilisema kwa haraka, lisije likarudi. "Nilitaka kukwambia tangu siku ya barua. Sitaki hata kidogo. Nikifikiria mwaka mzima bila kukusikia unamtukana sungura, naumwa. Lakini kiboko sikumharibu kwa ajili hiyo. Nimejiuliza usiku kucha. Nina hakika karibu yote. Kuna kipande kidogo sina hakika nacho, na hicho ndicho nimekuja kukuomba msamaha."

Mharibifu aliegemea fremu ya mlango. Hakutarajia hicho kipande kidogo. Mtu mwongo angesema ana hakika yote.

"Na kwenye mfuko kuna nini?"

"Magadi ya kufulia. Siki. Na mche wa sabuni yako, ile kali." Akaufungua mfuko. "Kilainisho kimeupaka unywele mafuta, ndiyo maana unateleza. Mimi najua jinsi ya kukitoa. Ni mambo ambayo nimeapa sitawahi kuifanyia sufu, lakini najua. Nikitoe, umpige, kesho umpeleke. Uende."

"Umetoka kusema hutaki niende."

"Sitaki. Na kiboko nataka apone. Yote mawili ni kweli, nifanyeje?"

 Msichana akafungua mlango wote.

Walichemsha maji. Dobi alipima magadi kwa kijiko, uso umekunjamana, akamzamisha kiboko akahesabu kwa sauti, akamtoa, akamtia kwenye maji ya moto na sabuni, akamtoa, akarudia. Alipofika mara ya tano aliupeleka ubavu puani akanusa. "Kimetoka," alisema. "Mfinye."

Mharibifu alifinya ngozi ya kiboko kwa vidole viwili. Ikiwa nyuzi zitainuka mojamoja, bado; ikiinuka ngozi nzima, amekwisha. Nyuzi ziliinuka. Lakini hazikuteleza tena.

"Sasa tunampiga," alisema. "Anza wewe."

"Mimi?"

"Wewe uliyemhurumia. Mnyanyue, mtupe mezani."

Dobi alimnyanyua kiboko aliyelowa mpaka usawa wa kifua, akamtua mezani bila kishindo.

"Hivyo unamlaza. Nimesema mtupe!"

Akamtupa kidogo. Kiboko alitoa mlio mdogo wa maji.

"Lete hapa." Mharibifu alimchukua, akamnyanyua juu ya kichwa. "Hii ni ya jana!" Paa! Maji yakaruka hadi ukutani. "Hii ni ya kuingia nyumba ya watu na kilainisho!" Paa! "Na hii ni ya 'sina neno'!" Paa! Kitambaa chekundu kikamdondoka kichwani. "Haya, zamu yako."

"Sina hasira na wewe."

"Unayo. Miezi kumi na minne, huwezi kukosa hata moja. Itafute."

Dobi alimshika kiboko. Alisita. Kisha akamnyanyua.

"Ulinidhania mimi," alisema, "mtu nisiyeweza hata kukamua soksi!" Paa! Alishtuka mwenyewe. Akamnyanyua tena. "Ulikata simu! Wateja wananitazama!" Paa! "Unasema 'haya' halafu unainama kufunga kiatu, na mimi nasimama pale kama henga ya nguo!" Paa!

"Endelea!"

"Unaondoka!" Paa! "Unaondoka, na mimi nafurahi kwa ajili yako, na ninakasirika kwamba nafurahi!"

Mlango wa baraza ukafunguka kwa nguvu. Shangazi alisimama pale, tepu ya kupimia shingoni, rula ya mbao mkononi kama silaha. "Nani anapigwa humu? Nani anampiga nani?"

"Kiboko, Shangazi," walisema wote wawili.

Shangazi aliwatazama, wamelowa, wanahema, povu mpaka kwenye nyusi. Akamtazama na kiboko. "Basi mpigeni polepole, nimedondosha sindano tatu," alisema, akafunga mlango. Hapo wakacheka mpaka Mharibifu akakaa sakafuni.

Walipokezana hadi jua lilipofika utosini. Maji ya moto, maji baridi, moto tena. Na kiboko akaanza kupungua mbele ya macho yao. Mgongo ukajikaza, mashavu yakajaa, miguu minne ikasimama yenyewe. Dobi alimgusa kichwani kwa kidole, haamini. Kitu alichokiita kuua maisha yake yote kilikuwa kimempa mnyama mifupa. Mharibifu alifinya mgongo, ngozi ikainuka nzima. Alifinya shingo, vivyo hivyo. Alifinya ubavu wa kushoto, ule uliochanwa kwa brashi, na hapo vinyweleo vilikataa. Kiraka cha ukubwa wa kiganja kilibaki laini, kimesimama, hakikubali moto wala kipigo.

"Nitakinyoa," alisema.

"Kinyoe," alisema Dobi kwa unyonge. "Ni mkono wangu ule."

Mharibifu alichukua mkasi. Akakipapasa kiraka kile kwa kidole gumba, akakipapasa tena, akaurudisha mkasi mezani. Akamjaza kiboko mifuko ya plastiki ashike umbo, akamweka juani. Dobi alifuta ukuta, akapiga deki baraza yote, akaaga. Mlangoni alibusiwa shavuni, busu lenye harufu ya sabuni, na hakuna aliyesema zaidi. Bado palikuwa na kesho.

Jumatatu saa nne kasorobo duka la dobi lilikuwa limejaa. Jumatatu kila mtu hugundua hana nguo. Dobi alikuwa kaunta na mama yake. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Aliandika kibandiko kimoja kwa jina la mteja mwingine. Saa tano na dakika ishirini simu ikalia.

"Daktari."

"Niambie."

"Palikuwa na watu sita. Mama mmoja mwenye miwani alimshika kiboko akamgeuza kila upande. Akasimama kwenye ubavu. Akaniuliza, 'Hapa umefanyaje? Sijawahi kuona hivi, mwili mgumu na mahali pamoja laini.'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema, hapo alipita mtu mwenye huruma iliyopitiliza."  Nyuma yake zilisikika honi na sauti za watu. "Nimepata, Daktari. Ijumaa naondoka."

Dobi alifumba macho. Kwenye simu, msichana alikuwa ameshika pumzi. Alikuwa anaogopa maneno mawili, nanyi mnayajua.

"Nina neno," alisema Dobi.

"Sema."

"Naona niseme taratibu, kuna wateja—"

"Hapana. Hapa kuna magari, sikusikii. Sema kama jana."

Dobi akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo duka lile halikuwahi kuisikia. "Nakupenda! Nenda, na ukirudi nataka unioe! Yaani, nikuoe! Tuoane! Nitakuja kila mwisho wa mwezi, saa nane kwenda, saa nane kurudi, sijali! Nataka kugombana na wewe mpaka nizeeke!"

Mama aliangusha fungu zima la henga. Bwana mmoja aliyekuja kuchukua koti akapiga makofi, mke wake akamkanya, kisha naye akapiga.

"Ndiyo," ilisema simu. Ilikuwa inalia na kucheka pamoja. "Ndiyo, ndiyo. Lakini nakuonya, nguo za nyumbani utafua wewe."

"Hilo lilijulikana tangu kwenye foleni. Uko wapi? Nije nikuchukue wewe na kiboko wako."

"Kiboko hayupo. Wamembakiza, watamweka dirishani kwenye karakana, mbele kabisa." Akajipangusa pua. "Daktari, unajua nimemjaza nini tumboni?"

"Si mabaki ya sufu?"

"Mabaki sikuwa nayo, nilikwambia. Asubuhi nimemjaza vipande vya mapazia ya Shangazi. Na katikati kabisa, kabla sijamshona, nimeweka ile karatasi yako. Siku ile niliisoma nikiwa na hasira, nikaona neno la kwanza tu. Jana ulipoondoka nikaisoma yote."

 Dobi aligeukia ukuta, kwa sababu duka lilikuwa limejaa watu na yeye alikuwa analia.

"Upo?" aliuliza Mharibifu.

"Nipo. Nakuja. Usiondoke hapo."

Akavua aproni akamwachia Mama kaunta, akatoka mbio kwenye jua la saa sita, shati halijachomekwa.